Msumeno gani wa kubeba safarini? Miti inayoanguka kwenye njia za Kamina

Mvua za kwanza zinapoanza kunyesha kunako mwezi wa kumi, mashofere wanaotoka Kamina kwenda Kabongo, Kaniama ao Bukama wanajua kwamba hesabu ya safari imebadilika. Matope yanajulikana, na kila mutu anajipanga nayo: majembe, mbao za kuweka chini ya magurudumu, kamba ya kuvuta. Lakini mti ulioanguka katikati ya njia, hapo wengi wanakutwa mikono mitupu. Shofere anashuka, anazunguka mti, anapiga simu mahali pasipo na mtandao, halafu anamwuliza mtoto wa pembeni kama mugini uko mbali.

Na wakati huo mzigo hausubiri. Samaki wa Kinkondja wanaharibika. Mahindi yaliyofunikwa na hema lililotoboka yanaanza kuota. Mama mjamzito aliyekuwa analetwa hospitalini mjini anabaki amelala chini ya kamio, na watu wanatafuta pikipiki inayoweza kupita kando. Saa tatu za kungoja shoka la kuazima zinaweza kuwa saa nyingi mno. Ndiyo maana swali la kubeba msumeno, tena msumeno gani, si swali la watalii peke yao.

Kwanza ieleweke kwa nini miti inaanguka. Haut-Lomami iko kwenye pori la miombo, na kila mwaka, kati ya mwezi wa saba na wa tisa, moto wa pori unapita. Moto ule unakula shina upande wa chini, hasa mti wenye jeraha ao wenye mchwa ndani. Mti unabaki umesimama, majani yanarudi, kwa macho ni mzima. Kisha inakuja dhoruba ya kwanza ya mvua, udongo unalainika, upepo unasukuma, na mti unalala. Wachoma makala nao wana sehemu yao: wanapokata miti mingi upande mmoja, ile iliyobaki pembezoni mwa njia inapigwa na upepo ambao zamani haikuujua. Kwa hiyo wiki za mwanzo wa mvua ndizo mbaya kuliko zote, na shofere anayesafiri wakati huo bila chombo cha kukata amejitakia mwenyewe.

Panga lipo karibu katika kila motoka. Linafaa kwa matawi ya unene wa mkono, kwa majani marefu na kwa mianzi. Likipewa shina la sentimeta 20 linachosha mtu bure. Shoka ni mwenzake mkubwa, na wazee wa mugini wenye kulitumia tangu utoto wanakata mti kwa kasi inayoshangaza. Tatizo la shoka ni mtumiaji. Shofere wa mjini anayelishika mara mbili kwa mwaka, amechoka, amesimama juu ya matope, hajui kwamba shoka likiteleza linaenda moja kwa moja kwenye mguu wake. Tena shoka linahitaji nafasi ya kuzungusha mikono, na mti ulioanguka na matawi yake yote hautoi nafasi hiyo. Abebe shoka, ndiyo, lakini kwa kupasua, kwa kupiga kabari na kwa kusafisha matawi.

Hapo ndipo watu wanaenda kununua msumeno, na hapo ndipo wengi wanakosea. Wanachukua msumeno wa seremala, ule wenye mshiko wa mbao ao plastiki na bamba pana la chuma, kwa sababu ndio unaopatikana katika kila duka la vyuma. Msumeno ule ulitengenezwa kukata mbao kavu juu ya meza. Meno yake ni madogo na yako karibu karibu. Ukiuingiza ndani ya mti mbichi, unga wa mti uliolowa unajaa kati ya meno, hauna pa kutokea, na msumeno unaanza kuteleza juu ya unga wake wenyewe. Bamba linakwama, mtu anasukuma kwa hasira, chuma kinapinda. Baada ya safari ya kwanza unabaki wa kufungia mlango wa kuku.

Unaofaa kwa wasafiri wengi ni msumeno wa upinde: bomba la chuma lililokunjwa kama upinde, na ukanda mwembamba wa meno umekazwa kati ya ncha zake mbili. Ni mwepesi, hauna moteri, haunywi esansi, na mtu yeyote anaweza kuujifunza kwa dakika kumi. Vipimo vinavyopatikana sana vina ukanda wa sentimeta 53, 61 na 76. Kwa motoka, wa 76 ndio wa kutafuta. Sababu ni rahisi: ili msumeno ukate, lazima uende na kurudi. Ukikata mti wa sentimeta 40 kwa ukanda wa 53, inabaki nafasi ya sentimeta 13 tu ya kusogeza mkono, na unga hautoki nje. Kwa ukanda wa 76 kunabaki 36. Lakini kuko na mpaka mwingine, nao ni urefu kati ya ukanda na mgongo wa upinde. Bomba likishagusa mti, kazi imesimama. Kabla ya kulipa, pima hapo kwa mkono, na chagua upinde ulioinuka vizuri.

Jambo la pili ni meno, na wauzaji wachache sana wanalieleza. Kuna kanda za aina mbili. Ya kwanza ina meno ya pembe tatu yanayofuatana, yote yamefanana. Hiyo ni ya mti mkavu. Ya pili ina meno manne hivi, kisha jino moja lenye umbo tofauti, limegawanyika ncha kama mkia wa mbayuwayu. Jino hilo halikati. Kazi yake ni kukokota unga na kuutoa nje. Hiyo ndiyo ya mti mbichi, na mti ulioanguka jana usiku ni mbichi. Kampuni ya Bahco ya Sweden, kwa mfano, inaziita namba 51 kwa mti mkavu na namba 23 kwa mti mbichi, na wengine wengi wanaiga mpango huo huo. Mwenye kuweza anunue zote mbili: ukanda hauchukui nafasi, na mti uliokufa zamani kwa moto unakataa kukatwa vizuri na meno ya mti mbichi.

Ukanda mpya uangaliwe. Ushike mbele ya jicho kama mtu anayelenga bunduki: meno yapinde moja kulia, moja kushoto, sawasawa. Kama yote yako katikati, njia ya msumeno itakuwa nyembamba na ukanda utakwama. Kama ncha za meno zina rangi nyeusi ao ya samawi, maana yake zimekaushwa kwa umeme. Zitadumu sana, lakini tupa haiwezi kuzinoa. Zikiisha makali, ukanda unatupwa. Kwa hiyo ukanda wa akiba si anasa. Ukishakazwa kwenye upinde, ugonge kwa ukucha. Ukilia kama waya wa gitaa, ni sawa. Ukitoa sauti ya bati, utapinda ndani ya mti na kukata mshazari.

Watu wa pikipiki wana shida yao. Msumeno wa upinde hauna pa kukaa juu ya moto iliyobeba gunia mbili na abiria mmoja. Kwao kuko msumeno wa kukunja, ule wa kupogolea miti ya matunda, wenye ukanda wa sentimeta 20 mpaka 36. Mingi inakata wakati wa kuvuta peke yake, kama ilivyo desturi ya misumeno ya Wajapani, ndiyo sababu ukanda wake unaweza kuwa mwembamba bila kupinda. Anayezoea kusukuma kwa nguvu anauvunja siku ya kwanza. Unavutwa, unarudishwa polepole bila kukandamiza. Kwa mti wa unene wa paja unatosha kabisa, na pikipiki haihitaji zaidi ya upenyo mdogo.

Wazee wa kazi ya mbao watauliza: na ule msumeno mrefu wa watu wawili, uliopasua mbao kabla ya mashine kufika? Bado ni chombo kizuri kwa magogo makubwa sana, na kamio lenye nafasi linaweza kuubeba. Lakini unataka watu wawili waliozoeana na mtu anayejua kuunoa, na mafundi hao wanapungua.

Sasa tronsoneze. Kila kijana akisikia habari ya mti njiani anasema tu: "Leta mashine, dakika tano tumemaliza." Ni kweli, shina ambalo msumeno wa mkono unalipigania nusu saa, mashine inalipita haraka. Hesabu iko wazi: mti wa sentimeta 40 una mti wa kukata mara nne kuliko wa sentimeta 20, si mara mbili. Kwa msafara wa makamio unaopita pori kila wiki wakati wa mvua, mashine ina maana. Kwa motoka moja inayokutana na mti mara tatu kwa mwaka, mara nyingi haina.

Tatizo la kwanza ni esansi. Mashine hizi zina moteri ya kuchanganyia mafuta ndani ya esansi. Kwa mafuta mazuri ya moteri za namna hiyo, watengenezaji kama Stihl wanaandika sehemu 1 kwa 50, yaani mililita 20 kwa lita moja. Kwa mafuta ya namna nyingine wanataka 1 kwa 25, mililita 40. Mtu anayekisia kwa kizibo cha chupa anaua moteri. Na makamio mengi yanatumia mazuti, kwa hiyo esansi lazima inunuliwe pembeni, mara nyingi kwa Kadhafi wa kando ya njia, ambaye chupa yake inaweza kuwa na maji ao petroli ya taa ndani. Ichujwe kwa kitambaa, iachwe itulie, ya chini isitumike. Mchanganyiko uliokaa miezi mingi chini ya kiti usimwagwe ndani ya mashine. Unaziba karabureta, na siku ya haja mashine inavutwa kamba mpaka mkono unakufa ganzi.

Tatizo la pili ni miti yenyewe. Miombo haifanani na miti laini ya Ulaya ambayo mashine ndogo zilitengenezewa. Mulombwa unakatika vizuri, unatoa utomvu mwekundu kama damu, unapaka nguo tu. Lakini mubanga, ule unaotumiwa kwa nguzo kwa sababu mchwa wanauogopa, unamaliza makali ya mnyororo upesi, hasa ukiwa mkavu. Na udongo uliorukia gamba la shina ni adui zaidi ya mti. Mnyororo ukigusa ardhi mara moja tu, makali yamekwenda. Mwenye mashine bila tupa ya mviringo ya kipimo cha mnyororo wake ana chuma kizito, basi. Kwa kazi ya njia, mashine ya kilo nne ao tano yenye ulimi wa sentimeta 35 mpaka 45 inatosha. Zile kubwa za kupasulia mbao, kama Stihl 070 inayopita kilo 10 kabla hata ya kufungwa ulimi, ni za mafundi.

La tatu ni kubwa kuliko yote. Ncha ya juu ya ulimi ikigusa tawi, mashine inaruka nyuma kuelekea uso wa mtumiaji, haraka kuliko jicho. Hakuna anayeizuia kwa nguvu za mikono. Wenye kazi yao wanavaa kofia ngumu, miwani na viatu vilivyofungwa, wanashika kwa mikono miwili, hawainui mashine juu ya bega. Shofere aliyevaa sandali, amezungukwa na abiria ishirini wanaotoa mashauri, na hospitali iko mbali kwa njia ile ile iliyofungwa na mti: afadhali atoke jasho na msumeno wa upinde.

Chombo kizuri hakimwokoi asiyejua kusoma mti. Mti uliolala unabeba uzito, na sehemu moja inabanwa wakati nyingine inavutwa. Kama ncha zote mbili zimeegemea kitu na katikati iko hewani, basi upande wa juu unabanwa. Ukikata kutoka juu moja kwa moja, ufa unajifunga na kuuma msumeno. Kata juu kiasi cha theluthi moja, halafu geuza msumeno ukate kutoka chini kwenda juu. Kama ncha moja inaning'inia, ni kinyume: theluthi ya chini kwanza, kisha juu. Jiwe ao kigogo kikiwekwa chini ya shina karibu na pa kukatia, na kabari ya mti ikigongwa ndani ya ufa, kazi inakuwa ya amani. Matawi yaliyopindishwa chini ya shina kama upinde wa mtego yaogopwe. Yakatwe kidogo kidogo upande wa ndani wa mkunjo, na mtu asimame pale ambapo tawi halitafyatukia.

Kuna hatari moja ambayo watu wa huku wanapaswa kuijua, juu ya watoto. Mti uliong'oka na mizizi yake unaacha shimo, na sahani ya udongo na mizizi inasimama wima pembeni yake. Watoto wanapenda kuingia ndani ya shimo lile kuangalia. Shina likikatwa karibu na mizizi, uzito uliokuwa unaishikilia ile sahani unaondoka, nayo inaweza kurudi mahali pake ghafla na kufunika shimo. Kabla ya kuanza kukata, mtu mmoja apewe kazi ya kuondoa watoto tu. Asipewe nyingine.

Si lazima kukata pande zote mbili za njia. Mara nyingi mkato mmoja na mnyororo wa kuvuta unafungua njia: motoka inavuta ncha nyepesi mpaka mti unageuka kama mlango. Lakini uzito ukumbukwe. Kipande cha mita tatu cha mti mbichi wa sentimeta 40 kinakaribia kilo 350 ao 400. Watu sita wenye miti ya kuinulia wanakibiringisha. Kamba ya nailoni iliyochakaa inakatika na kurudi kama mjeledi, kwa hiyo wote wakae mbali wakati wa kuvuta. Kamio linahitaji upana wa mita tatu na zaidi, na matawi ya juu yaangaliwe pia, kwa sababu abiria waliokaa juu ya mzigo ndio wanaopigwa nayo.

Kabla ya hayo yote, shofere aangalie kisiki. Mizizi iliyopasuka, kuni zilizoungua, mchwa: huo ni upepo. Alama mpya za shoka, na hakuna mtu karibu: asishuke haraka, na kama kuna nafasi ya kurudi nyuma, arudi, aulize mugini wa mwisho aliopita.

Mara nyingi lakini watu wapo, na wamekwisha kuanza kukata. "Papa shofere, utuachie franka ya munkoyo." Kuna mashofere wanaokasirika. Hasira hiyo haina msingi sana: vijana wametoa jasho, na hata mwenye msumeno wake anapata mikono sita ya bure akiuazima kwa heshima. Cha kukataa ni pale kizuizi kinapobaki baada ya mti kuondoka.

Kuni za mti ule ni za mugini, mwenye mugini aulizwe. Kupakia gogo la mulombwa ao mukula ndani ya kamio na kulipeleka mjini ni jambo lingine kabisa. Sheria ya misitu ya tarehe 29 mwezi wa 8 mwaka 2002 inataka ruhusa kwa kukata na kusafirisha mbao, na mtu aliyekutwa na gogo pamoja na tronsoneze atakuwa na maelezo marefu ya kutoa. Ndani ya Mbuga ya Upemba, iliyowekwa tangu 1939, kukata mti unaosimama ni marufuku. Na hata nje ya mbuga, kufungua njia mpya ndani ya shamba la mihogo la mtu ili kuukwepa mti mmoja ni kumwibia. Magari kumi yanayofuata yatapita hapo hapo.

Wanaoshuka kuelekea Malemba-Nkulu na maziwa ya bonde la Upemba wasiweke tumaini lote kwenye msumeno. Kule chini ni maji na mafunjo yanayofunga njia, miti ni michache. Jembe, mbao na subira vinafanya kazi zaidi.

Msumeno ukishatumika, upanguswe maji na utomvu, upakwe mafuta kidogo ya moteri. Meno yafunikwe na kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu uliopasuliwa. Tronsoneze isafiri nje ya kabini, tanki likiwa tupu. Na mahali pa msumeno ni nyuma ya kiti ao pembeni mwa mlango, si chini ya mzigo: makamio mengi yana msumeno mzuri kabisa, umelala chini ya magunia 80 ya mahindi, na hakuna mtu yuko tayari kuyashusha usiku wa mvua.